Mtoto na Vyakula Vibichi



Wewe ni mzazi. Kila siku unaamua mtoto wako ale nini. Uamuzi huo si mdogo.

Wako wazazi wanaosema, "Chakula kibichi ndicho chakula halisi. Moto unaua nguvu ya chakula." Wazazi hao wangependa mtoto wao ale matunda, karoti, karanga na mboga mbichi siku nzima. Wako wengine wanaosema, "Vibichi vinaumiza tumbo. Matunda ni mchezo wa watoto, si chakula." Hao humpa mtoto uji na ugali tu, tangu asubuhi hadi usiku.

Nani anasema kweli? Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Katika somo hili tutazitazama nusu zote mbili. Tutaona ni vyakula gani mtoto apewe vibichi, ni vipi lazima vipikwe, na kwa nini.

Mtu mzima akitaka kula vibichi tu, hilo ni shauri lake. Akiona anakonda, anaweza kuacha. Mtoto mdogo hawezi. Yeye hula anachopewa. Akipewa chakula kisichomtosha, hana maneno ya kusema. Mwili wake ndio unaosema, nao husema kwa kudumaa au kwa kuugua.

CHAKULA KIPO, MBONA WATOTO WAMEDUMAA?

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya chakula. Hapa Katandala na vijiji vinavyozunguka Sumbawanga tunalima mahindi, maharage, ulezi, ngano, viazi na alizeti. Tangu zamani Wafipa walilima ulezi kwenye matuta ya duara yaliyofunika nyasi ili zioze na kurutubisha udongo. Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa hutupatia samaki. Magunia ya mahindi kutoka mkoa huu hupakiwa kwenye malori na kupelekwa mikoa mingine.

Lakini sikiliza hesabu hii. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi karibu 50. Kwa Tanzania nzima, mwaka huo, ilikuwa watoto 30 katika kila 100.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Ufupi huo si wa ukoo. Hakupata chakula cha kutosha na cha namna mbalimbali, au aliugua mara kwa mara, hasa kuharisha. Hasara yake si urefu tu. Akili yake pia huchelewa kukua, na shuleni hupata taabu. Madhara makubwa huingia tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kuyaondoa.

Basi ghala likijaa mahindi, halijajaa chakula chote. Mtoto anahitaji chakula cha kumtia nguvu, chakula cha kumjenga mwili, na chakula cha kumlinda na magonjwa. Baadhi ya vyakula hivyo huliwa vibichi. Vingi hupikwa.

CHAKULA KIBICHI CHA KWANZA

Chakula cha kwanza cha binadamu ni kibichi. Ni maziwa ya mama. Hayapikwi, hayachemshwi, wala hayachanganywi na kitu. Yana chakula chote na maji yote ambayo mtoto anahitaji kwa miezi sita ya kwanza. Yana pia kinga ya magonjwa.

Kwa hiyo kabla ya miezi sita usimpe mtoto uji, maji, wala juisi ya matunda. Hata maji ya ndimu usimpe. Baada ya miezi sita maziwa ya mama peke yake hayatoshi. Hapo ndipo mtoto anapoanza kula. Lakini aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Kwa nini maziwa ya mama yafae mabichi, na maziwa ya ng'ombe yasifae? Maziwa ya mama hutoka titini na kuingia kinywani moja kwa moja. Maziwa ya ng'ombe hupita mikononi, kwenye ndoo na kwenye vibuyu, nayo huokota uchafu njiani. Tena ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa na ugonjwa.

FAIDA YA VYAKULA VIBICHI

Wanaosifu vyakula vibichi hawakosei kabisa. Kuna vitamini moja muhimu ambayo moto huiharibu. Huitwa vitamini C. Imo katika machungwa, ndimu, malimau, mapera, mapapai, maembe, nyanya, kabichi na ubuyu. Ukichemsha mboga kwa muda mrefu na kumwaga maji yake, vitamini C nyingi hupotea.

Mtu akikosa vitamini C kwa miezi kadhaa hupata ugonjwa wa kiseyeye. Ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidonda haviponi. Zamani ugonjwa huu uliua mabaharia wengi waliokaa baharini bila kula kitu kibichi. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, jina lake James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye. Aliwagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao. Wawili aliowapa machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wengine.

Vitamini C ina kazi nyingine inayotuhusu sana. Husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage, ulezi na mboga za majani. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Mtoto anayekula ugali kwa maharage hupata damu zaidi akila na kipande cha papai, pera au chungwa katika mlo huo huo. Matone machache ya limau juu ya maharage yanafaa pia.

Tena tunda bivu halihitaji kuni, halihitaji sufuria, wala halimchoshi mama anayetoka shamba. Mtoto hulipenda. Basi usiseme kwamba matunda ni mchezo wa watoto. Matunda ni chakula.

KAZI TATU ZA MOTO

Sasa tutazame upande wa pili. Kwa nini wazee wetu walipika? Moto hufanya kazi tatu.

Kwanza, moto hulainisha chakula na kufungua nguvu iliyomo. Unga mbichi wa mahindi au wa ulezi ukimezwa hupita tumboni, lakini nguvu yake nyingi haipatikani. Ukipikwa, punje za unga hunywa maji, huvimba na kupasuka. Hapo tumbo huweza kuusaga.

Pili, moto huondoa sumu iliyomo katika baadhi ya vyakula. Tutaviona vyakula hivyo hapa chini.

Tatu, moto huua vijidudu na mayai ya minyoo. Hii ni kazi kubwa, kwa sababu tumbo la mtoto mdogo halina nguvu ya kupambana na vijidudu vingi.

Iko pia vitamini inayopatikana vizuri zaidi chakula kikipikwa. Ni vitamini A, ambayo hulinda macho na kumkinga mtoto na magonjwa. Imo katika karoti, maboga na mboga za majani ya kijani. Mtoto hufaidika nayo zaidi mboga zikipikwa kidogo na kutiwa mafuta, kama mafuta yetu ya alizeti.

JE, MTOTO ANAWEZA KUISHI KWA VIBICHI TU?

Hawezi kukua vizuri. Sababu ni rahisi. Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa miezi minane hushiba kwa kikombe kimoja cha chakula. Matunda na mboga mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kikombe cha papai kikimjaza, ameshiba, lakini nguvu aliyopata ni kidogo. Kikombe cha uji mzito wenye karanga au maziwa humpa nguvu nyingi zaidi. Anayejazwa vitu vyepesi siku nzima ana tumbo lililojaa na mwili wenye njaa.

Hata watu wazima hupata taabu. Nchini Ujerumani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Giessen waliwachunguza watu 513 waliokuwa wakila vyakula vibichi kwa muda mrefu. Walitangaza matokeo yao mwaka 1999. Watu hao walikuwa wamepungua uzito sana: wanaume karibu kilo 10, wanawake karibu kilo 12. Katika wanawake waliokuwa chini ya miaka 45, karibu 30 kwa kila 100 walikuwa wamekatikiwa na hedhi au hedhi zao zimevurugika. Hao walikuwa watu wazima, katika nchi yenye maduka yaliyojaa kila aina ya tunda. Mtoto, ambaye kila siku anatakiwa kuongezeka, ataumia zaidi.

Kumbuka pia kwamba nyama, samaki, mayai na maziwa ndivyo vinavyojenga mwili na damu ya mtoto. Vitamini moja ya damu, iitwayo B12, hupatikana katika vyakula vya wanyama tu. Vyakula hivyo haviliwi vibichi. Mzazi anayemlisha mtoto vibichi tu, mara nyingi humnyima vyakula hivyo vyote.

VYAKULA AMBAVYO LAZIMA VIPIKWE

Soma orodha hii polepole. Itakufaa jikoni.

1. Maharage. Maharage mabichi yana sumu. Hata punje chache huweza kumtapisha na kumharisha mtoto. Loweka maharage usiku kucha. Mwaga maji yale, weka mengine, kisha yatokote sana kwa nusu saa au zaidi mpaka yalainike. Usiyaache jikoni kwenye moto hafifu tangu mwanzo. Sumu haitoki kwa moto hafifu.

Huenda umeona kwamba maharage huchelewa kuiva hapa kwetu. Sababu yake ni hii. Sumbawanga iko juu sana, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu maji hutokota kabla hayajafikia joto la maji yanayotokota pwani. Kwa hiyo maharage ya Katandala hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam. Kuyaloweka kwanza hupunguza kuni.

2. Mihogo na kisamvu. Mihogo ina sumu, na mihogo michungu ina nyingi zaidi. Mihogo michungu lazima imenywe, ilowekwe siku kadhaa, ianikwe mpaka ikauke, ndipo isagwe na kupikwa. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana. Katika miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa Wilaya ya Tarime katika Mkoa wa Mara walitengeneza mihogo michungu kwa haraka, kwa sababu ya njaa. Baadhi yao, wengi wakiwa watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla wala hawakupona. Ugonjwa huo huitwa konzo. Mtoto mdogo usimpe muhogo mbichi autafune, hata kama ni mtamu.

3. Maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi. Yachemshe mpaka yafure. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba, ambayo humpata binadamu pia na kumtesa kwa homa na maumivu ya viungo. Kugandisha maziwa hakuui vijidudu vyote. Chemsha kwanza, gandisha baadaye.

4. Nyama, samaki na mayai. Vipikwe mpaka viive hadi ndani. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Mkunje akiwa mbichi, lakini umle akiwa ameiva.

5. Viazi mviringo. Vimenye na kuvipika. Kiazi kilichogeuka kijani kwa kupigwa na jua kina sumu. Hakitakuwa salama hata ukikipika.

6. Asali. Asali ni chakula kizuri, na misitu ya Rukwa ina asali nyingi. Lakini usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Asali huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Vikikua tumboni, mtoto hulegea mwili na kushindwa kunyonya, hata kupumua.

MOTO HAUONDOI KILA KITU

Usidhani kwamba chochote kikipikwa ni salama. Uyoga wenye sumu kali hubaki na sumu yake hata ukichemshwa siku nzima. Usichume uyoga usioujua.

Nafaka na karanga zilizoota ukungu nazo ni hatari. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu kadhaa wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Anika mahindi na karanga mpaka zikauke kabisa. Zihifadhi juu ya kichaga, mbali na unyevu. Chambua na utupe punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi. Usizisagie uji wa mtoto kwa kuona hasara.

TEGU, MBOGA MBICHI NA KIFAFA

Jambo hili halijulikani na wengi, nalo latuhusu sisi wa nyanda za juu kusini tunaofuga nguruwe.

Tegu ni mnyoo mrefu bapa unaokaa katika utumbo wa mtu. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye vijifuko vyeupe kama punje za mchele. Mtu mwenye tegu hutoa mayai ya tegu katika choo kikubwa. Akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi kile, na nyama yake huota vijifuko. Hivyo mzunguko unaendelea.

Lakini kuna njia ya pili, nayo ni mbaya zaidi. Mayai yale huweza kuingia bustanini kwa maji ya mvua, au kushika mikono ya mtu asiyenawa. Yakishika mboga, na mboga ile ikaliwa mbichi bila kuoshwa, mayai huingia mwilini mwa mlaji. Humo huanguka vijidudu vinavyosafiri kwa damu mpaka kwenye ubongo. Hujenga vijifuko huko. Baada ya miezi au miaka, mtu huanza kuanguka kifafa.

Zingatia basi: mtoto anaweza kupata kifafa cha namna hii hata kama hajawahi kuonja nyama ya nguruwe. Kifafa hicho si uchawi wala laana. Chanzo chake ni kinyesi kilichofika kwenye chakula. Mtu mwenye kifafa apelekwe hospitali. Dawa zipo.

Kinga yake ni hii. Kila nyumba iwe na choo, na kitumike. Nguruwe wafungiwe bandani. Nyama ikaguliwe na mkaguzi wa nyama, na ipikwe mpaka iive kabisa. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kama tunavyoeleza sasa.

NAMNA YA KUANDAA VYAKULA VIBICHI

Fuata hatua hizi kila mara.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mnawishe mtoto pia.

2. Tumia maji salama. Chemsha maji mpaka yatokote, uyaache yaendelee kutokota kwa dakika tatu. Yafunike yapoe.

3. Osha tunda kabla ya kulimenya au kulikata. Usipoliosha, kisu huchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani.

4. Nyanya, karoti na matango zisugue kwa mkono ndani ya maji. Karoti imenye baada ya kuiosha.

5. Kabichi: tupa majani ya nje, tenganisha mengine, na uoshe jani moja moja kwa maji yanayotiririka.

6. Usitumie kisu wala ubao uliokatia nyama mbichi kabla ya kuviosha kwa sabuni.

7. Andaa kachumbari kidogo, iliwe papo hapo. Isilale.

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, chagua matunda yanayomenywa: ndizi mbivu, papai, embe, parachichi. Yaponde kwa kijiko. Mboga za majani mpikie. Ukiwa na wasiwasi na mboga, kwa mfano kama imemwagiliwa maji ya mtaro, usimpe mtu yeyote mbichi. Ipike. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo.

Jihadhari pia na kupaliwa. Mtoto mdogo hatafuni vizuri. Punje nzima ya karanga au kipande cha karoti mbichi huweza kuziba koo lake. Karanga zikaange na kuzitwanga. Karoti ikune au uipike.

KIMEA: UFUNDI AMBAO TAYARI UNAUJUA

Uji mzito una nguvu nyingi, lakini mtoto mdogo hushindwa kuumeza. Mama akiongeza maji, mtoto humeza, lakini nguvu ya uji imepungua. Tufanyeje?

Jibu limo katika kazi ambayo akina mama wa Ufipa wanaifahamu tangu zamani, kwa sababu huifanya wakitengeneza pombe. Ni kimea cha ulezi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe hapa Tanzania walikichunguza kimea na kuona kwamba kinafaa sana kwa uji wa watoto.

Chagua ulezi safi usio na ukungu. Uoshe, kisha uloweke usiku kucha. Mwaga maji. Utandaze ndani ya kitambaa kibichi, uufunike, na uunyunyizie maji safi kwa siku mbili mpaka uote. Uanike juani ukauke kabisa. Pukuchua mizizi na machipukizi, uyapepete, kisha saga.

Pika uji mzito. Uutoe jikoni upoe kidogo, ubaki na joto la kuvumilika kwa kidole. Tia kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea, ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Kisha urudishe motoni utokote tena. Usisahau hatua hiyo ya mwisho. Kimea ni unga mbichi, na huweza kuwa na vijidudu.

Sasa mtoto anakunywa uji mwepesi wenye nguvu ya uji mzito.

MFANO WA CHAKULA CHA SIKU MOJA

Huu ni mfano kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye bado ananyonya.

Saa moja asubuhi: uji wa ulezi wenye maziwa yaliyochemshwa au karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

Saa nne: ndizi mbivu au kipande cha papai.

Saa saba mchana: ugali laini, maharage yaliyopondwa, mchicha au majani ya maboga yaliyopikwa kwa mafuta ya alizeti. Matone ya limau juu yake.

Saa kumi: parachichi au embe. Nyakati zisizo na matunda hayo, kiazi kitamu kilichochemshwa.

Saa moja usiku: ugali au wali na dagaa waliotwangwa, au yai lililoiva. Nyanya iliyoshwa na kukatwa vipande vidogo.

Katikati ya milo hiyo anyonye.

Hesabu mwenyewe. Milo mitatu iliyopikwa, na vyakula vibichi mara tatu au nne. Vilivyopikwa vinamtia nguvu na kumjenga. Vibichi vinamlinda na kumwongezea damu. Hakuna kimoja kinachochukua nafasi ya kingine.

KAZI YA BABA

Baba, usiseme kwamba habari za chakula cha mtoto ni za mama. Fedha za mahindi zikipatikana, tenga kiasi cha kununua dagaa, mayai na mafuta. Ukienda bondeni, upande wa Muze au Mtowisa, rudi na maembe au mapapai. Chimba choo. Jenga banda la nguruwe.

Tena panda miti. Mpapai haupendi baridi kali ya uwandani, lakini mpera, mparachichi na mlimau hukubali. Miti mitatu nyuma ya nyumba, na tuta la karoti na mchicha karibu na mahali pa kuogea vyombo, itampa mtoto kitu kibichi karibu mwaka mzima. Maji ya kumwagilia mboga zitakazoliwa mbichi yawe safi.

Mwaka 1975 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili kampeni ya Chakula ni Uhai. Jina hilo lilikuwa na maana. Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi, apimwe uzito na urefu. Tazama mstari wa kadi yake. Ukipanda, chakula kinamfaa. Ukilala au kushuka, usingoje mwezi mwingine. Muulize muuguzi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watoto hudumaa mahali penye mahindi mengi?

2. Taja vyakula vinne vyenye vitamini C. Vipi kati yake vinapatikana hapa kwenu sasa hivi?

3. Taja kazi tatu za moto katika chakula.

4. Kwa nini mtoto anayekula matunda tu hushiba lakini hapati nguvu?

5. Mtoto ambaye hajala nyama ya nguruwe anawezaje kupata kifafa kinacholetwa na tegu? Tufanye nini kijijini ili kuzuia jambo hilo?

6. Kwa nini uji wenye kimea lazima urudishwe motoni?

Kazi ya nyumbani: Andika katika daftari lako kila kitu alichokula mtoto wako jana. Pigia mstari vyakula vibichi. Zungushia duara vyakula vya kujenga mwili. Kisha andika chakula kimoja utakachoongeza kesho.